Karatasi za Begini: Fedha za Serikali Kuu Katika Shule za Marekani na Sauti ya Mzazi

Wiki ya kwanza ya masomo mtoto hurudi nyumbani na fungu la karatasi begini. Moja inauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Ya pili inataka kujua mnaishi watu wangapi na kila mmoja anaingiza kiasi gani kwa mwezi. Ya tatu inasema ni mkataba, na ina mahali pa saini ya mwalimu, ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Ya nne ni mwaliko wa mkutano, saa kumi na mbili jioni, na chini kabisa pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba shule hii inapokea fedha za Title I, fungu la serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi maskini. Mzazi aliyekulia Uvira, Kasulu au Kisauni, ambaye leo anaishi Louisville, Des Moines au Grand Rapids, anazitia saini zote kwa mkupuo akiwa bado na sare za kazini. Au anazibandika kwenye friji, akisubiri siku atakayopata nafasi.

Karatasi hizo hazikubuniwa na mwalimu mkuu kwa kupenda kwake. Karibu kila moja ina sheria ya Bunge la Marekani nyuma yake, na sheria hizo zimeandamana na mafungu ya fedha. Zinampa mzazi madaraka ambayo wengi wetu hatukuyazoea katika shule tulizosoma. Nimekaa kama mkalimani katika vikao vingi vya shule, na kinachonisikitisha ni kuona madaraka hayo yakipotea mbele ya macho ya watu wanaoyahitaji kuliko wote, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza. Basi tueleze.

Shule ya umma ya Marekani haiendeshwi na Washington. Sehemu kubwa ya bajeti yake hutoka kwenye kodi za jimbo na kwenye kodi ya majengo inayokusanywa katika eneo lilelile ambalo shule inalihudumia. Serikali kuu, katika miaka ya kawaida, huchangia takriban sehemu moja ya kumi. Mtaa wenye nyumba za thamani hukusanya kodi nyingi, na shule zake huonekana hivyo. Mtaa wa wapangaji hukusanya kidogo. Majimbo hujaribu kusawazisha, mengine kwa bidii kuliko mengine, lakini pengo halifungiki. Ile sehemu moja ya kumi ya serikali kuu ilikusudiwa iende palipo na upungufu. Hapo ndipo inapotofautiana na ruzuku nyingi tulizozizoea. Kenya ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, awe wa Nairobi au wa Turkana. Fedha nyingi za serikali kuu ya Marekani hazigawanywi kwa vichwa namna hiyo. Zinafuata umaskini, zinafuata ulemavu, zinafuata lugha, zinafuata kuhamahama.

Sheria mama ni ya mwaka 1965. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 11 Aprili, si Ikulu bali Texas, nje ya shule ndogo aliyosoma utotoni, mwalimu wake wa kwanza akiwa ameketi kando yake. Johnson mwenyewe aliwahi kufundisha katika mji wa Cotulla mwishoni mwa miaka ya 1920, watoto wa familia maskini zenye asili ya Meksiko, na hakuacha kuwataja hata alipokuwa Rais. Sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, Title I, iliahidi fedha kwa shule zenye watoto wengi wa familia maskini.

Miaka minne baadaye ahadi ilikuwa imeshaanza kuchakachuliwa. Mwaka 1969 wanaharakati wawili wa haki za raia, Ruby Martin na Phyllis McClure, walitoa ripoti iliyofuatilia fedha hizo zilikokwenda. Kuna wilaya za shule, yaani mamlaka za eneo zinazoendesha shule za umma, zilizozitumia kulipia gharama za kawaida ambazo zilipaswa kulipiwa na kodi zao wenyewe. Kuna waliojenga mabwawa ya kuogelea. Katika baadhi ya maeneo ya Kusini fedha za watoto maskini zilisaidia kuendeleza ubaguzi uleule wa shule ambao mahakama zilikuwa zimeupiga marufuku. Bunge lilijibu kwa kukaza kanuni: fedha hizi ziongezwe juu ya zile ambazo shule ingepata kwa vyovyote vile, zisichukue nafasi yake. Na katika miaka ya 1970 likaongeza jambo jingine, mabaraza ya wazazi. Mwaka 1974 sheria ililazimisha kila wilaya na kila shule inayopokea Title I kuwa na baraza ambalo wengi wake ni wazazi.

Historia hiyo ina uzito kwangu kuliko vifungu vyote vitakavyofuata. Mzazi aliingizwa ndani kama mkaguzi, kwa sababu fedha zilikuwa zimeliwa. Wale waliodhani ushirikishwaji wa familia ni chai na keki ukumbini hawakuisoma historia hiyo. Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, sharti la mabaraza lilifutwa. Mwaka 1994 Bunge lilirudisha nafasi ya mzazi kwa sura nyingine: mkataba kati ya shule na mzazi, sera ya maandishi, na fungu lililotengwa kwa kazi hiyo. Sura hiyo ndiyo iliyopita kwenye sheria ya mwaka 2002 ya Rais Bush na ile iliyotiwa saini na Rais Obama Desemba 2015, ambayo ndiyo inayotumika sasa.

Fedha zenyewe hushuka hivi. Serikali kuu huzigawa kwa kanuni nne za hesabu, ambazo msingi wake ni makadirio ya Ofisi ya Sensa kuhusu watoto wanaoishi katika umaskini. Zinapita jimboni, zinafika kwenye wilaya ya shule. Wilaya huzipanga shule zake kwa mstari, kuanzia yenye umaskini mkubwa. Ile ambayo zaidi ya robo tatu ya watoto wake ni maskini lazima ihudumiwe kabla ya nyingine. Katika mwaka wa fedha 2024 fungu hili peke yake lilizidi dola bilioni 18. Shule ikifikisha asilimia 40 ya watoto maskini inaruhusiwa kuzitumia kwa shule nzima: kuajiri mwalimu wa kusoma, kupunguza idadi ya watoto darasani, kuendesha masomo ya ziada. Ikiwa chini ya hapo, kwa kawaida inazitumia kwa wale tu wanaobaki nyuma.

Sasa wilaya inajuaje shule ipi ina umaskini kiasi gani? Mara nyingi kwa kuangalia chakula. Mpango wa chakula cha mchana shuleni ni wa mwaka 1946, wakati wa Rais Truman, na una viwango viwili. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, mtoto anakula bure. Ikiwa kati ya hapo na asilimia 185, analipa bei ya punguzo isiyozidi senti 40 kwa mchana. Hesabu ya watoto wa viwango hivyo ndiyo ambayo wilaya nyingi hutumia kuzipanga shule kwenye ule mstari. Kwa hiyo fomu ya kipato ina kazi kubwa kuliko sahani ya mtoto wako. Familia ishirini zikiiacha kwenye friji, shule inaonekana tajiri kuliko ilivyo.

Jambo hili limezidi kuchanganya watu tangu sheria ya mwaka 2010 iruhusu shule zenye umaskini mkubwa kulisha wote bure bila fomu. Mwaka 2023 kiwango cha kuingia mpango huo kilishushwa kutoka asilimia 40 hadi 25 ya watoto ambao tayari wanatambulika kupitia misaada mingine, kama ule wa chakula wa SNAP. Mzazi anaambiwa, "Hapa wote wanakula bure." Kisha wiki ileile, katika baadhi ya majimbo na wilaya, anatumiwa fomu ya kipato. Anaona ni usumbufu, au anaona ni mtego. Si mtego. Fomu hiyo ya pili inatafuta takwimu za kugawia fedha nyingine. Fomu ya chakula haiulizi mtoto aliingiaje nchini, na mtu mzima asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweka alama kwenye kisanduku kinachosema hana. Nasisitiza hilo kwa sababu hofu ya karatasi ni kubwa miongoni mwetu, na ina sababu zake. Lakini hii si mojawapo ya karatasi za kukimbiwa.

Turudi kwa mzazi na Title I. Wilaya inayopokea zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia moja kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi na familia, na asilimia 90 ya fungu hilo ifike shuleni, isibaki ofisi kuu. Wazazi wana haki ya kushiriki katika kuamua fungu hilo litumikeje. Kila shule lazima iitishe mkutano wa mwaka kuwaeleza wazazi kwamba inapokea fedha hizi, zina masharti gani na wao wana haki gani. Mikutano ifanywe kwa saa zinazobadilika, asubuhi au jioni. Na hapa kuna kifungu ambacho sijawahi kusikia kikisomwa kwa sauti kwa wazazi wetu: fedha za Title I zinaweza kulipia usafiri wa mzazi, kulipia mtu wa kukaa na watoto wakati wa mkutano, na kugharimia mwalimu kuwatembelea nyumbani. Kwa familia ambayo baba yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama na mama hana leseni ya udereva, kifungu hicho ndicho kinachoamua kama watakuja au hawatakuja.

Mkutano wenyewe, kwa jinsi nilivyouona, mara nyingi huwa hivi. Ukumbi wa chakula, meza zenye viti vilivyoungana nazo, skrini. Mwalimu mkuu anapitia kurasa kumi na kitu za maneno ya kisheria kwa dakika kumi na tano. Mkalimani anakimbizana naye. Mwishoni anauliza kama kuna swali, na kimya kinatanda. Orodha ya mahudhurio inatiwa saini, inaingia kwenye faili, na sharti limetimizwa. Simlaumu mwalimu mkuu. Yeye anakaguliwa kwa faili, na mzazi aliyekaa kimya naye ana sababu. Kwetu, mzazi akiitwa shuleni ujue mtoto kafanya kosa au kuna mchango haujalipwa. Aliyesoma Kongo anakumbuka jinsi wazazi walivyobeba mishahara ya walimu mabegani mwao kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019. Mtu wa namna hiyo ukimwambia, "Tunataka maoni yako kuhusu bajeti," anatafuta gharama iliyofichwa ndani ya sentensi hiyo. Tena heshima inamzuia. Mwalimu kasomea kazi yake. Kumhoji mbele ya watu ni utovu wa adabu.

Hapo ndipo ninapoona mkataba unaweza kufanya kazi, kama utachukuliwa kwa uzito. Sheria inataka uandikwe kwa pamoja na wazazi, useme shule itafanya nini, mzazi atafanya nini, na mawasiliano yataendaje. Kwenye shule za msingi lazima ujadiliwe katika kikao cha mzazi na mwalimu angalau mara moja kwa mwaka, ukimhusu mtoto yule mmoja. Nyingi ya mikataba niliyoisoma imejaa maneno yanayofaa shule yoyote duniani: mzazi atahakikisha mtoto analala mapema, mwalimu atakuwa na matarajio makubwa. Muulize mwalimu kwenye kikao hicho, kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwanangu anasoma kwa kiwango cha darasa la ngapi leo, na mwezi wa tano mnategemea awe wapi?" Jibu liandikwe kwenye mkataba. Kuanzia hapo kila upande unajua umeahidi nini. Na kumbuka pia kwamba katika shule ya Title I una haki ya kuuliza sifa za kitaaluma za mwalimu wa mwanao, na shule lazima ikuarifu yenyewe iwapo amefundishwa kwa wiki nne mfululizo au zaidi na mwalimu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo kwa somo au darasa hilo.

Karatasi ya lugha inatoka kwenye chimbuko jingine. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliowekwa darasani bila msaada wowote wa lugha walinyimwa elimu, hata kama walipewa vitabu na madawati sawa na wengine. Kuanzia hapo shule zina wajibu wa kisheria wa kumtambua mtoto asiyejua Kiingereza vya kutosha na kumfundisha. Title III ya sheria ileile ya elimu huongeza fedha kidogo kwa kazi hiyo, karibu dola milioni 890 kwa nchi nzima. Ni kiasi kidogo mno ukilinganisha na mzigo uliopo.

Familia nyingi huandika "English" kwenye fomu hiyo wakidhani ndilo jibu linalotakiwa, au wakihofia mtoto atatengwa na wenzake. Mtoto huyo hapimwi, hapewi mwalimu wa lugha, na baada ya miezi inasemekana ni mzito wa kuelewa. Andika Kiswahili. Andika Kibembe au Kinyarwanda kama ndicho kinachosemwa nyumbani. Jibu hilo halimweki mtoto darasa la Kiingereza moja kwa moja. Linafungua mlango wa kumpima. Akionekana anahitaji msaada, shule inatakiwa kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, ikieleza kiwango chake, namna atakavyofundishwa na atatokaje kwenye mpango huo. Una haki ya kukataa mpango. Mimi sishauri kukataa kabla hujakaa na mwalimu wake, kwa sababu mtoto huongea Kiingereza cha uwanjani haraka sana huku Kiingereza cha kitabu cha sayansi kikimchukua miaka.

Lugha inakuhusu wewe pia. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, na habari muhimu za mtoto lazima zikufikie kwa lugha unayoielewa. Usikubali mwanao akutafsirie kikao kinachomhusu. Nimeona mtoto wa miaka kumi na mmoja akigeuza "amekosa siku nyingi" kuwa "anaendelea vizuri," na sikushangaa. Nani angejishtaki mwenyewe? Hata mtoto mwaminifu hapaswi kubeba habari za matibabu au za adhabu baina ya watu wazima. Omba mkalimani mapema, kwa simu au kwa maandishi, taja Kiswahili, na ukiweza sema ni Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Nairobi na mama wa Fizi wanaelewana, lakini msamiati wa shule wa Kikongo umejaa Kifaransa, na kikao kinapohusu vipimo vya saikolojia kila neno lina uzito.

Sasa tufike kwenye elimu maalumu, ambapo sheria imempa mzazi nguvu kubwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Rais Gerald Ford alitia saini sheria hii Novemba 1975, wakati watoto wengi wenye ulemavu walikuwa hawapokelewi shuleni kabisa. Leo inaitwa IDEA, na inamhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma inayomfaa bila malipo. Bunge liliahidi wakati ule kubeba hadi asilimia 40 ya gharama za ziada. Halijawahi kufika hapo, na wilaya nyingi zinahangaika kwa sababu hiyo. Lakini upungufu wa fedha si sababu ambayo sheria inaikubali ya kumnyima mtoto huduma.

Kikao cha mpango wa elimu wa mtoto, ambao kila mtu huuita IEP, kina watu waliotajwa na sheria: mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa wilaya, mtu anayeweza kufafanua vipimo, na mzazi. Mzazi anatajwa kama mjumbe wa timu, sawa na wengine. Bila ridhaa yake ya maandishi mtoto hapimwi kwa mara ya kwanza, na bila ridhaa nyingine huduma hazianzi. Shule lazima ihakikishe anaelewa kinachosemwa, pamoja na kumpatia mkalimani.

Katika kikao kimoja cha aina hiyo nilikaa kando ya mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Timu ilikuwa na kurasa nyingi za alama. Ilionekana mtoto hafuati maelekezo, anasahau, anaangalia dirishani. Mama aliulizwa ana la kuongeza. Akaniambia, "Wao ndio walimu, baba. Mimi niseme nini?" Nilimweleza kwamba kwa sheria yeye ni mjumbe wa kikao, na kikao kinamsubiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mtoto aliwahi kupata degedege alipokuwa mdogo, na tangu hapo ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo kwenye makaratasi. Mwalimu wa darasa alisema mtoto ameketishwa ukutani, sikio la kulia likielekea ukuta. Kikao kilisimamishwa mpaka masikio yapimwe.

Ndani ya sheria hiyohiyo kuna ulinzi ambao familia za wakimbizi zinapaswa kuujua kwa moyo. Mtoto hawezi kuamuliwa kuwa ana ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza, au ni kukosa mafundisho ya kusoma na hesabu. Mtoto wa Kikongo wa Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, darasa likiwa limejaa pomoni, na safari ya kuja Marekani ikamkatiza tena. Huyo anahitaji kufundishwa alichokikosa. Kumpachika jina la ulemavu ni kumdhulumu. Kosa la upande wa pili nalo lipo: shule kusubiri miaka "mpaka ajue Kiingereza kwanza" huku mtoto mwenye tatizo halisi akizama. Mzazi anaweza kuomba uchunguzi wakati wowote, kwa barua, na ibaki na tarehe. Akisharidhia, kanuni ya serikali kuu inatoa siku 60 za kukamilisha uchunguzi, isipokuwa jimbo limejiwekea muda wake. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha kuwasaidia wazazi, kinacholipiwa na fedha za IDEA. Huduma zake ni bure.

Programu nyingine nazitaja kwa ufupi, ingawa kwa familia husika si ndogo. Head Start, iliyoanza mwaka 1965, inahudumia watoto wa miaka mitatu hadi mitano wa familia zenye kipato kidogo, na huwa na baraza la sera ambalo wengi wake lazima wawe wazazi wa watoto waliopo. Ni urithi wa karibu zaidi wa yale mabaraza ya zamani, na wazazi wetu waliopitia humo huingia shule ya msingi wakiwa wamezoea kusema. Sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inalinda watoto wasio na makazi ya kudumu, na hao si wa hifadhini tu. Familia iliyopoteza nyumba ikabanana kwa ndugu inahesabiwa pia. Mtoto huyo aandikishwe mara moja hata kama hana vyeti vya chanjo au uthibitisho wa anwani, na anaweza kubaki shule yake ya awali akisafirishwa. Kila wilaya ina ofisa wa kazi hiyo. Programu ya watoto wa vibarua wa mashamba, uvuvi na usindikaji wa mazao na mifugo inawahusu waliohama ndani ya miezi 36 iliyopita kwa ajili ya kazi za muda au za msimu, hivyo baadhi ya familia zinazofuata kazi za mashambani na viwandani zinastahili bila kujua. Na fedha za Title IV ya ile sheria mama ndizo zinazolipia vituo vingi vya masomo ya baada ya saa za shule.

Yote haya yametikiswa tangu mwaka 2025. Mwezi Machi Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu, na wizara ikapunguza karibu nusu ya watumishi wake. Mwezi Julai Mahakama ya Juu iliruhusu upunguzaji huo uendelee wakati kesi zikisikilizwa. Julai mosi mabilioni ya dola yaliyokwisha kupitishwa na Bunge yalizuiwa, yakiwemo ya Title III na ya watoto wa vibarua, yakaachiwa baadaye mwezi huohuo baada ya majimbo na wabunge wa vyama vyote viwili kupiga kelele. Agosti wizara iliondoa mwongozo wa mwaka 2015 uliofafanua wajibu wa shule kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Mwongozo umeondoka, lakini sheria ya mwaka 1964 na hukumu ya Lau zipo palepale, na rais hana uwezo wa kuzifuta kwa amri. Ipo pia hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982, inayomlinda mtoto asiye na hati za uhamiaji asinyimwe shule ya umma. Naona tatizo kubwa la sasa ni kumpata wa kumpelekea malalamiko. Ofisi za haki za raia zimepungua, na malalamiko yanayopelekwa Washington yanaweza kukaa muda mrefu. Hivyo njia za jimbo zimekuwa na maana zaidi: lalamiko la maandishi la elimu maalumu kwa idara ya elimu ya jimbo, kwa mfano, linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Kwa Title I kuna njia fupi kuliko hiyo. Shule inayotumia fedha hizi kwa shule nzima lazima iwe na mpango wa maandishi unaosema inazitumiaje, na mzazi anaruhusiwa kuuomba na kuusoma. Mpango huo usipowaridhisha wazazi, sheria inailazimisha shule kuambatisha maoni yao inapouwasilisha wilayani. Maoni ya wazazi watatu waliokaa sebuleni Jumapili jioni, wakaandika kwamba mwalimu wa kusoma anahitajika kuliko kompyuta mpya, yanatakiwa kufika mezani kwa wilaya pamoja na mpango wenyewe. Na kifungu hicho hakisemi yaandikwe kwa Kiingereza.